Kiu ya Gari la Mkunga

Gari la mkunga liliitwa Ngamia, na jina hilo lilikuwa la sifa kabla halijageuka kuwa la kejeli. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alilinunua katika mnada wa idara ya misitu, likiwa limepauka na limechoka, akalipa ujana wa pili kwa mikono yake mwenyewe. Alilinyanyua kwa springi ndefu hata mtu mfupi akahitaji kidaraja cha kupandia. Alilivisha matairi mapana yenye meno kama ya trekta, akafunga bampa la chuma mbele na winchi ya kujivutia matopeni juu yake, kisha akaunganisha keria ya mabomba iliyofunika paa zima, ambapo alipanga matairi ya akiba, majembe na machela. Mchana mmoja alijilaza akisubiri chakula kiive, asiamke tena. Gari likabaki kwa mjane, na mjane, aliyezoea kukaa upande wa abiria na mkoba wa kazi mapajani, akahamia kwenye usukani.

Alikuwa mwanamke wa sauti ya chini na mikono iliyokauka kwa sabuni. Hakuwa mcheshi, lakini wanawake waliokuwa na uchungu walisema kwamba akiingia chumbani tu hofu hupungua. Kazi yake ilimpeleka kwenye makazi yaliyotawanyika nje ya mji: kwanza nyanda kavu za changarawe, kisha mlima wenye kona kali, kisha uwanda wa juu ambako ukungu hauondoki na upepo hupenya hadi kwenye mifupa. Kituo cha mafuta kilikuwa kimoja tu, pale mji unapoishia. Mbele yake hapakuwa na tone.

Enzi za mumewe Ngamia alikuwa akipanda hadi mwisho wa uwanda na kurudi kwa tangi moja, na mafuta ya kuzungukia mjini yakabaki. Kisha, baada ya mumewe kufa, ukaja mwaka alipoanza kuona kiu. Upungufu wenyewe haukuja kwa kishindo. Ulikuja kama uzee unavyokuja, kidogo kidogo, mtu akijifariji kila mara kwamba leo alipanda na mizigo, jana upepo ulikuwa wa mbele. Ikafika siku mkunga akaona kwamba makazi ya mbali aliyokuwa akiyafikia bila kuwaza sasa anayafikia kwa dua.

Ubaya zaidi, dizeli yenyewe ilikuwa adimu. Kituo kilitoa kwa mgao, mara moja kwa wiki, na kwa tangi la gari peke yake. Kutia kwenye dumu kulipigwa marufuku tangu watu walipoanza kuyaficha mafuta majumbani. Muuza mafuta, mtu wa makamo aliyeitwa Kasuku kwa sababu ya mdomo wake, hakumwacha apite bila neno.

"Mama Mkunga, ngamia gani huyu anayekunywa kila akikiona kisima?"

"Jaza, Kasuku. Foleni inakusubiri."

"Najaza, mama, najaza! Nasikiliza tu koo lake linavyogugumia. Huyu ana minyoo."

Watu kwenye foleni wakacheka. Mkunga naye akatabasamu kwa adabu, lakini moyoni hakucheka, kwani mwishoni kabisa mwa uwanda wa juu, kwenye kituo ambako maji ya mji huchukuliwa kutoka mtoni, aliishi binti yake wa pekee.

Binti huyo alikuwa ameolewa na mlinzi wa malango ya maji, mtu mpole ambaye kazi yake haikumruhusu kutoka, kwa maana mvua ikinyesha yeye ndiye anayefunga na kufungua. Mara mbili walikuwa wamepata watoto, na mara mbili waliwazika nyuma ya nyumba kabla hawajapewa majina. Sasa mimba ya tatu ilikuwa imekomaa. Katikati ya ujauzito damu kidogo ilitoka, ikakoma. Daktari, kwa njia ya simu, alisema mama asitikiswe na barabara ile mpaka siku zikaribie. Zikikaribia mkunga apande akae naye na ashuke naye taratibu. Na damu ikirudi ashushwe hospitali papo hapo. Hayo yote yalitaka kitu kimoja: gari lenye mafuta ya kupanda na mafuta ya kushuka. Kufika bila ya uwezo wa kurudi kungekuwa sawa na kwenda kumtazama mtu akizama ukiwa umefungwa mikono.

Zilipokaribia siku hizo mkunga alijaza tangi, akaondoka alfajiri. Alivuka nyanda, akamaliza mlima, akafika kwenye mnara wa simu unaosimama mahali uwanda unapoanza, na hapo akatazama geji ya mafuta. Ilikuwa imeshuka chini ya nusu, na safari ilikuwa bado. Akazima injini. Akakaa muda mrefu mikono ikiwa juu ya usukani, akipiga hesabu ile ile na kupata jibu lile lile. Akampigia binti yake.

"Mwanangu, nimefika mnarani. Nikija huko siwezi kukushusha. Nirudi nikalitengeneze kwanza?"

"Rudi tu, mama. Mimi sijambo. Anacheza tumboni mpaka ananiamsha."

"Kweli hujambo?"

"Kweli, mama. Usijali."

Akageuza gari. Kwenye kona za mlima hakumpigia mtu honi, ingawa ndiyo desturi ya madereva wa njia ile.

Gereji ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu mrefu aliyeinama kwa kuishi chini ya magari. Alifanya kwanza yale yanayofanywa kwanza. Akalikung'uta chujio la hewa, likatoa vumbi la kutosha kupandia mboga. Akazipima nozeli za kupulizia dizeli kwenye injini, akabadilisha iliyokuwa ikitiririsha badala ya kupuliza. Akaliinua gari kwa jeki na kuzungusha kila gurudumu kwa mkono. Moja likagoma, kumbe breki yake ilikuwa imeshika na gari likitembea huku likijizuia lenyewe. Alipomaliza akafuta mikono, akasimama mbali kidogo, akalitazama gari kama mtu anayetaka kusema jambo kwenye kikao cha ukoo.

"Shemeji, nisikufiche. Hili gari linatembea limebeba nyumba."

"Nyumba hiyo aliijenga kaka yako."

"Najua. Mimi ndiye niliyemshikia spana. Keria ile inapigwa na upepo kama tanga, bampa na winchi ni uzito wa ng'ombe, na matairi yale injini inayasukuma kwa tabu. Enzi zile ilikuwa na nguvu. Sasa ni mzee aliyevishwa majoho ya harusi."

"Ukivitoa litafika?"

"Litasogea. Kufika, sijui."

Siku hiyo mkunga alirudi nyumbani. Vitu vya marehemu vilivyokuwa nyumbani, nguo na viatu, alikuwa amevigawa mapema, kama inavyopasa. Gari hakuligawa. Kila alipoushika mlango alikuwa akikanyaga kidaraja alichokichomelea mumewe kwa ajili ya miguu yake yeye, si ya mwingine. Kesho yake alikwenda gereji, akasema, "Vitoe," akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akatazama.

Ilichukua mchana kutwa. Nati zilikuwa zimeota kutu na nyingine zilikatwa. Keria ilipoteremshwa paa lilionekana chini yake, safi, lenye rangi ya zamani ya idara ya misitu, na mkunga akageuza uso. Springi ndefu zikatolewa, zikarudishwa fupi. Matairi membamba yakafungwa. Na kidaraja, kwa kuwa gari lilikuwa chini sasa, hakikuwa na kazi tena. Shemeji akakitoa bila ya kuuliza, kisha akaona uso wa mjane wa kaka yake, akakishika mkononi kwa muda asijue pa kukiweka.

Siku ya majaribio, tangi likiwa limejazwa mgao mpya, walipanda wote wawili. Shemeji alikuwa na macho kwenye kihesabu cha kilomita, na kadiri walivyokwenda furaha ikamzidi.

"Tazama, shemeji! Umbali huu wote na geji ndiyo kwanza iko nusu! Tumeongeza umbali kupita kiasi!"

"Tuko wapi?"

"Tuko mnarani."

"Basi mnara haukuhama."

Mkunga alikuwa sahihi. Matairi makubwa yalikuwa yakizunguka mara chache, na kihesabu kikadanganya kwa kupunguza. Haya membamba yalizunguka zaidi, na kihesabu kikasema kweli kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Kilichoongezeka kilikuwa namba tu. Matumizi ya mafuta yalikuwa yamepungua, ndiyo, lakini si kwa kiasi cha kwenda na kurudi. Shemeji akawa kama aliyemwagiwa maji.

Mkunga alishuka akafungua boneti, akihofu kwamba pengine bomba linavuja. Upepo wa uwanda ulikuwa ukivuma. Akapitisha kiganja kwenye bomba nene la juu linalotoa maji kwenye injini kuyapeleka kupoa kwenye rejeta, kwa tahadhari, kama mtu anavyogusa sufuria. Hakuungua. Akalishika lote. Lilikuwa vuguvugu tu, na gari lilikuwa limetoka kupanda mlima.

"Shemeji, injini inatakiwa iwe na joto gani?"

"Isichemke tu."

"Sikuulizi isiwe nini. Nakuuliza iwe nini."

Shemeji akakuna shingo. Ndani ya gari, sindano ya geji ya joto ilikuwa imelala chini kabisa, kama ilivyolala miaka yote, na miaka yote walikuwa wakiisifu kwa kulala kwake. Dereva wa kule akiona sindano imelala humshukuru Mungu na fundi wake.

"Mtoto mchanga akilazwa kwenye baridi," mkunga alisema, akiwa bado ameshika bomba, "hunyonya usiku na mchana na haongezeki. Mama yake hudhani maziwa hayana nguvu. Kumbe maziwa yote yanakwenda kumpasha joto. Nimeyaona hayo kwenye nyumba ngapi huku juu."

Walirudi mjini. Gerejini shemeji akaingia nyuma ya rafu, akarudi na kopo kubwa la maziwa ya unga, akalimwaga juu ya meza. Vikaanguka vidude vya shaba, vya duara, vyenye springi, vikubwa na vidogo, vingine vimekuwa kijani kwa uzee.

"Hivi nini?"

"Thamostati. Hukaa njiani mwa maji ya injini, huyazuia mpaka yapate moto ndipo huyafungulia njia ya kwenda kupoa."

"Na kwa nini viko kwenye kopo?"

"Tunavitoa. Kila gari lililopita hapa. Ndivyo nilivyofundishwa na aliyenifundisha: kitu cha nchi za baridi, huku kwetu kinachemsha injini, kitoe utupe. Mimi sikutupa, basi."

"Na cha Ngamia, nani alitoa ruhusa kitolewe?"

"Kaka mwenyewe alisema toa. Wote tulisema toa."

"Na huko juu si baridi, shemeji?"

"Gereji yangu iko huku chini," alisema kwa unyonge, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi mkunga akacheka, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe.

Walichagua kinachofaa, wakakichemsha katika sufuria jikoni kwa mkunga, vichwa viwili vimeinama juu ya mvuke. Maji yalipokaribia kutokota kile kidude kikafunguka polepole, kama kope za mtu anayeamka. Kikafungwa mahali pake siku ile ile. Walipolijaribu gari, sindano ilianza kupanda, na shemeji, ambaye hakuwahi kuiona ikipanda isipokuwa kwa balaa, akapiga kelele, "Zima! Linachemka!"

"Halichemki. Limepata joto lake. Subiri."

Sindano ikafika katikati, ikasimama hapo. Sauti ya injini ikawa nyororo, na moshi uliokuwa ukitoka nyuma ukapungua. Mzunguko wa nyanda waliofanya kwa mafuta yaliyobaki uliwaonyesha kwamba safari ya kwenda na kurudi inawezekana. Lakini majaribio yalikuwa yameukausha mgao wa wiki ile, na kituo hakikuwa na ndugu wala jamaa. Mkunga akaomba apewe kabla ya zamu, Kasuku akamwonyesha foleni iliyopinda hadi kona ya soko. "Nikikupa wewe leo, mama, hawa watanila nyama." Haikuwa ubaya wake. Ikabidi kungoja.

Katika siku zile za kungoja alimpigia binti yake kila jioni. Mara nyingine mtandao wa uwandani ulimezwa na ukungu, simu ikaita hewani. Aliosha vyombo vya kazi, akavichemsha, akavipanga mkobani, akavitoa akavichemsha tena.

Zamu yake ilipofika alijaza hadi shingoni, akaondoka. Alipopita mnara geji ilikuwa juu ya nusu, naye akasema alhamdulillahi kwa sauti, peke yake ndani ya gari, na akaongeza mwendo kidogo. Hata ukungu haukumtisha. Alifika kituo cha maji mchana. Mkwe wake alikuwa amesimama nje bila ya koti katika baridi ile, na kabla mkunga hajazima injini alielewa.

"Damu imeanza asubuhi, mama. Nimepiga simu mpaka betri imekwisha. Hakuna mtandao."

Ndani, binti alikuwa amelala chini ya mablanketi yote ya nyumba, midomo haina rangi. Mkunga aliweka pembe ya kusikilizia juu ya tumbo lake, akainamisha sikio. Akaihamisha. Akaihamisha tena. Miaka yote ya kazi yake alikuwa amejizoeza uso usiosema chochote, na siku ile uso huo ulimtii.

"Yupo, mama?" binti aliuliza.

"Tunashuka sasa hivi. Wewe nyamaza, pumua."

Walimlaza nyuma, mkwe akamshika. Mkunga aliendesha akikwepa kila jiwe ambalo jicho la mwanadamu linaweza kuliona, na gari, kwa kuwa lilikuwa chini na la matairi membamba, lilitikisika zaidi ya zamani. Hilo nalo alilisikia, katika kila mtikisiko, mpaka walipofika kwenye lami ya mji. Hakulazimika kutazama geji hata mara moja. Walifika hospitali jua halijatua. Binti aliokolewa. Mtoto, wa kiume, alitoka amekamilika viungo vyote, na hakuwa na uhai.

Kwenye benchi la nje, mkwe, aliyekuwa na damu mpaka kwenye viwiko, akasema bila ya kumtazama:

"Mama, siku ile uliyorudi mnarani. Kama ungekuja tu?"

Hakuuliza kwa shari, na ndiyo maana hapakuwa na pa kujificha.

"Kama ningekuja, ningekuwapo ilipoanza," alisema mkunga. "Na gari lingekuwa limesimama nje bila ya mafuta. Pengine ningempoteza na mkeo. Pengine ningewaokoa wote wawili. Sijui, baba. Nimeipiga hesabu, haitoi jibu."

Mkwe akatikisa kichwa kukubali, wala haikujulikana alikubali nini.

Binti hakutaka mtoto azikwe mjini. Alitaka awekwe na wenzake. Basi asubuhi iliyofuata mkunga akalipeleka gari kituoni, ingawa wiki haikuwa yake, na mkwe ameketi kando akiwa na mtoto mapajani, amezungushiwa shuka jeupe. Waliokuwa mbele kwenye foleni walitazama ndani ya gari, mmoja baada ya mwingine, wakasogeza magari yao pembeni. Kasuku alijaza bila ya kusema neno. Alipofunga kifuniko aliondoa kofia yake.

Walipanda kwa mwendo mmoja, wakazika kabla ya mvua. Mkwe alibaki, kwa kuwa mto ulikuwa ukijaa na malango yalimhitaji. Mkunga akashuka peke yake, akaenda moja kwa moja wodini, viatu vikiwa bado na udongo wa uwandani. Binti alikuwa macho. Alimwuliza habari za njia, kama mtu anavyomwuliza msafiri yeyote, na habari za mume wake, na kama amemwachia chakula. Kisha akauliza:

"Mafuta yalitosha?"

"Yalitosha," alisema mama yake. "Yamebaki."

Binti akageukia ukutani, na mkunga akavuta kiti, akakaa nyuma ya mgongo ule, akaanza kumsokota nywele zilizokuwa zimefumuka, taratibu, kwa vidole vilivyokauka kwa sabuni.